Risasi Tano na Kikombe cha Kahawa

Enzi zetu kindi hakuwa kiumbe wa kupigwa picha. Alikuwa mwizi, tena mwizi wa mchana kweupe, na kila aliyewahi kupanda mahindi na wazazi wake kule Muheza anajua ninachosema. Unafukia mbegu asubuhi, mchana unakuta vishimo vimepangana mstari mzima, na mwenyewe yuko juu ya mnazi anakutazama huku anatafuna. Leo hapa Birmingham nampeleka mama yangu kwenye bustani karibu na nyumbani kwetu Balsall Heath, tunakaa kwenye benchi, na mbele yetu vijana wazima wamepiga magoti kwenye nyasi wanambembeleza kindi apokee karanga. Wanamsemesha kama mtoto mchanga anayekataa uji. Mama anawatazama weee, halafu ananigeukia.

"Zuhura, hivi hawa hawana shamba?"

Nikamwambia hawana. Akasema, "Ndiyo maana," akajifunga mtandio wake vizuri na kuendelea kutazama.

Sisi shamba tulikuwa nalo, nje kidogo ya mji, kwenye mteremko unaoishia kwenye njia ya kwenda kisimani. Tulipanda mahindi, mihogo na choroko, na palikuwa na minazi michache aliyoiacha babu. Wezi wetu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na zamu yake. Kindi alifukua mbegu. Ngedere alisubiri mahindi yakomae, akavunja moja, akalibana kwapani, akavunja la pili, la kwanza likaanguka, naye akaendelea hivyo hivyo mpaka ameharibu tuta zima na kuondoka na hindi moja. Kanga, nasema kanga ndege, walikuja kundi zima baada ya mvua, wamevaa madoadoa yao, wanatembea kwa maringo kama wanawake wanaokwenda harusini. Nilikuwa napenda kuwatazama, na nilikuwa nawapenda zaidi kwenye sufuria.

Baba alikuwa na bunduki ndogo aliyopewa kibali kwa ajili ya wanyama waharibifu. Kwa nguruwe pori hakuitumia kamwe. Alisema ile ilikuwa ya wezi wadogo, na ukimpiga nguruwe nayo utampa mateso tu aende kufia porini. Nguruwe wakija alikwenda kumwita bwana nyamapori. Na katika nyumba yetu kulikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine: bunduki ilikaa kwenye sanduku la baba chini ya ufunguo wa baba, na risasi zilikaa kwenye sanduku la mama chini ya ufunguo wa mama, pamoja na leso zake na udi wake. Baba akitaka kwenda kuwinda ilibidi kwanza aombe risasi kwa mkewe. Siku wakiwa wamenuniana, kindi walikula raha.

Utaratibu huo ulikuwa na chanzo chake, na chanzo kilikuwa pale pale mlangoni kwetu, debe kuukuu lililopandwa mrehani, lina tundu ubavuni. Kabla hajaoa, baba aliazima bunduki ya mjomba wake na risasi zake, akampiga ngedere, akamkosa. Risasi ilipiga jiwe, ikaruka, ikavuka njia ya kisimani, ikatoboa debe la maji lililokuwa kichwani mwa msichana mmoja. Msichana hakuguswa hata unywele, ila alilowa chepechepe. Baba alifika pale mbio, akamkuta amesimama na debe linachuruzika, anamsubiri. Alichoambiwa ni kwamba kisima kiko kule na debe hili hapa.

Msichana mwenyewe ndiye mama. Alipenda kusema kwamba wenzake waliletewa barua ya posa, yeye aliletewa risasi. Tulicheka kila aliposimulia, na baba alicheka pia, lakini mwisho wa kicheko chake kila mara alilitazama lile debe.

Basi kuchagua risasi kwa baba halikuwa jambo la mchezo. Tulikwenda naye Tanga mjini, mimi na kaka yangu Athumani, tumevaa nguo za Idd, hadi kwenye duka lililouza bunduki, nyavu na taa za karabai. Mwenye duka alimjua na alimchokoza makusudi. Alimtolea boksi la bei kubwa, akasema, "Hizi, bwana, zinakwenda kama radi." Baba akamjibu kwamba yeye hawindi mawingu. Alitaka zile za polepole, zenye kichwa chepesi na kitundu puani, kwa sababu hizo zikigusa udongo zinapasuka na kuishia hapo hapo. Zile zenye pua ya mviringo, ngumu, ndizo zinazopenda kuruka juu ya mawe na kwenda kutembelea watu. "Usiniambie inapiga wapi," alizoea kusema. "Niambie inaishia wapi." Kisha alisoma namba kwenye boksi, akatutaka nasi tuisome kwa sauti, ili aone kama ni ile ile iliyochongwa kwenye bunduki yake. Alisema mtu mwenye haraka ya kuwahi basi husoma anachokitaka.

Alinunua boksi dogo dogo la kila aina, akarudi nayo nyumbani kuyaonja. Ndivyo alivyosema, kuonja, kama mama anavyoonja mchuzi. Aliamini kila bunduki ina ulimi wake, na risasi inayopendwa na bunduki ya jirani yaweza kutemwa na yako. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kikubwa kuliko banda letu la kuku, na nyuma ya kichuguu ni kilima kitupu. Baba alibandika karatasi ya daftari kwenye kichuguu, akachukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akakifunika juu ya karatasi na kuzungusha mkaa kwenye ukingo wake. Risasi tano za boksi moja zikiingia ndani ya duara lile, boksi limefaulu. Moja ikitoka nje, boksi linarudi dukani.

Kabla hajalenga alituita majina sote, mama akiwemo, na kila mmoja ilibidi aitike akiwa nyuma yake kwenye mkeka. Hata mbuzi alihesabiwa. Tulikaa tumeziba masikio kwa vidole, harufu ya baruti imechanganyika na harufu ya mihogo inayochemka jikoni, na baada ya risasi ya mwisho, baba akishaifungua bunduki na kuhakikisha haina kitu, ndipo tuliruhusiwa kukimbilia karatasi. Sijui kama kuna mtihani niliowahi kuusubiri hivyo maishani.

Sheria ya mwisho ilimhusu yeye mwenyewe. Alitutangazia wote kwamba siku atakayoshindwa kuweka tano ndani ya kikombe kwa risasi nzuri, bunduki itarudi kituo cha polisi kesho yake. "Njia ya kisimani ina watoto wa watu," alisema. Tulikubali kwa vichwa, kama mtu anavyokubali habari za uzee akiwa na miaka tisa.

Mama alikuwa na ugomvi wake na risasi zile za kitundu. Zilikuwa salama kwa majirani lakini hazikuwa na huruma na kitoweo. Baba alisema bismillahi, akampiga kanga, akamwahi kwa kisu, akamleta jikoni kifua mbele, na mama alimgeuza ndege huku na huku akauliza nyama iko wapi. "Umeniletea manyoya na mchuzi," alimwambia. Ikabidi baba ajifunze kulenga kichwa tu. Akakosa wengi, na kila akikosa alirudi akisema amewaonea huruma. Lakini aliyepatikana alipikwa kwa nazi na ndimu, na sisi watoto tuligombea shingo. Watoto wa siku hizi kuku anawafikia amefungwa kwenye boksi, wanafikiri alizaliwa bila miguu.

Sasa ilikuja Idd moja, mwaka ambao mvua zilinyesha vizuri na mahindi yalikuwa yamechipua kama zulia. Wenzangu mnaikumbuka kazi ya wiki ya Idd. Kila chombo cha shaba ndani ya nyumba kilitolewa nje, masinia, mabirika, chetezo, hata bawaba za sanduku, vikasuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka unajiona meno. Mama alikuwa bingwa wa kazi hiyo mtaani kwetu. Alipofungua sanduku lake kutoa chetezo, akaliona boksi jipya la risasi ambalo baba alikuwa bado hajalionja. Maganda ya risasi ni shaba. Na shaba, kwa mama, ilikuwa shaba.

Baada ya sikukuu baba akaomba risasi. Alipofungua boksi alitabasamu, akatuonyesha. "Safari hii wametuletea mali," alisema. Risasi ziling'aa kama pete za bibi harusi. Akabandika karatasi, akazungusha mkaa, akatuita majina, akapiga tano. Tulipofika kwenye karatasi Athumani alinitazama na mimi nikamtazama. Ndani ya kikombe ilikuwamo moja tu, na nyingine zilikuwa zimetapakaa kila upande.

Baba alileta gunia la mchanga, akaegemeza bunduki juu yake, akapiga tena. Ikawa mbaya zaidi. Akafikicha macho kwa kiganja, akautazama mkono wake kama si wake. Akafungua bunduki, akaitazama ndani, akaifunga kwenye sanduku, kisha akaja kukaa kwenye mkeka pamoja nasi. "Macho yangu yamechoka, wanangu," alisema. "Kesho naipeleka." Mahindi yalikuwa hayajafika hata magotini na kanga tuliwasikia wanalia bondeni, lakini kilichotuumiza hakikuwa mahindi. Nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu akiwa mdogo namna ile. Athumani alikwenda kulia bandani kwa mbuzi.

Mchana mama alipakua pilau kwenye sinia kubwa, lile la wageni, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumliwaza. Baba aliketi, hakunyoosha mkono. Mama akamwambia ale, akamwonyesha jinsi sinia linavyong'aa, akamwambia mwaka huu hakuna nyumba yenye shaba kama ya kwake. Kisha akaongeza kwa fahari yote, "Hata zile risasi zako nimezisugua moja moja. Nikazipaka na mafuta ya nazi zisishike kutu."

Baba aliinua mkono wake wa kulia taratibu akavinusa vidole. Nyinyi mliowahi kushika risasi ndogo za namna ile mnajua kwamba kichwa chake kina nta nyembamba, inanata kidogo kidoleni, na nta hiyo ndiyo inayoiwezesha kupita vizuri ndani ya mtutu. Mama alikuwa ameimaliza yote kwa ukwaju na majivu. Baba alinusa tena, akamtazama mkewe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali kwenye mkeka, na mama akauliza kuna nini, na alipoambiwa akafunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, na sisi tukacheka bila kujua hasa tunacheka nini, pilau likapoa. Zile zilizooshwa hakuzipiga tena, alizipeleka kituoni zikaharibiwe. Siku iliyofuata alionja boksi jingine ambalo halijaonja ukwaju, na zote tano zikaingia ndani ya kikombe. Mwaka ule tulivuna mahindi mpaka tukagawa.

Miaka ikapita. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, baba kichwa chote kimekuwa cheupe, na boksi jipya lilikuwa limefika. Kuitwa majina kulikuwa kule kule, ila sasa tulioitika tulikuwa mimi, mama na mbuzi. Baba alipiga tano. Mbili zikawa nje. Akaleta gunia la mchanga, akapiga tano nyingine, na tatu zikawa nje. Alisimama pale amenipa mgongo, na mgongo ule nilikuwa nimeuona mara moja tu kabla.

Mama alikuwa ameshaingia jikoni. Akatoka mikono imelowa, akasimama mlangoni karibu na debe la mrehani, akaiona karatasi.

"Baba Zuhura, usijisumbue," akasema. "Ni mimi. Nimeziosha tena."

Nilikuwa karibu na baba kiasi cha kuona risasi moja aliyokuwa nayo kiganjani. Haikuwa ikimetameta. Nta ilikuwa imemshika kidole gumba. Akakinusa kidole kile, polepole, kisha akamtazama mama.

"Kwa ukwaju?"

"Kwa ukwaju."

"Na mafuta ya nazi?"

"Na mafuta ya nazi, kama siku ile."

"Ahsante, mke wangu," baba akasema.

Alifungua bunduki, akahakikisha haina kitu, na kesho yake akaipeleka kituoni. Alirudi mikono mitupu, akiwa mchangamfu kuliko nilivyotegemea. Mama alikuwa amekaanga kahawa na kuitwanga, akammiminia ndani ya kikombe kile kile chenye alama ya mkaa ukingoni. Baba akanywa, akasema hatimaye kikombe kimepata kazi kiliyoumbiwa. Hakuna aliyezungumzia ukwaju tena, wala siku ile wala siku zote alizobaki nazo duniani, Mungu amrehemu.

Kikombe hicho kiko Balsall Heath sasa hivi. Mama alikuja nacho ndani ya leso tatu, na alipofika uwanja wa ndege alikikagua kabla hajatukumbatia. Anakinywea kahawa ya tangawizi kila alasiri, akitazama dirishani mabasi na watu wanaotafuta mahali pa kula chakula cha jioni.

Na binti yangu wa mwisho, Rahma, amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu Kiingereza, ameingia kwenye klabu ya kulenga shabaha ya chuo chao. Aliponiambia nilishika kifua. Mama alishika fimbo yake akataka kujua wanatumia risasi gani. Rahma akatueleza kwamba wanapiga karatasi tu, ndani ya jengo, na risasi huchaguliwa kwa kuibana bunduki kwenye chuma ili isitikisike, kisha wanajaribu boksi moja baada ya jingine mpaka wapate linaloipendeza. Mama alisikiliza akaona ni jambo la maana, ila alisikitika kwamba chuma hakiiti watu majina. Tangu hapo Rahma akileta karatasi nyumbani, mama anaweka kikombe juu yake, na mjukuu anasimama wima kusubiri matokeo kama tulivyosimama sisi.

Jumamosi iliyopita walikuwa wanachagua timu. Rahma amelitaka jambo hilo tangu mwaka jana, amekosa harusi mbili na Idd moja kwa ajili ya mazoezi. Alirudi akatupa begi kwenye ngazi, akakaa jikoni na koti lake. "I'm rubbish, Mum," aliniambia, yaani hafai kitu. "Naacha. I'm done." Nilifikiri kumwambia labda ni risasi, lakini risasi zilikuwa zimeshapimwa na chuma, na chuma hakina mapenzi na mtu. Vijana wetu wana bahati ya kila kitu kupimwa sawasawa, na mimi siwaonei wivu hata kidogo, maana kikishapimwa hivyo lawama inabaki yako peke yako, na unaibeba ukiwa na simu mkononi.

Mama akanyoosha mkono apewe karatasi. Macho yake hayaoni tena vizuri, akaweka kikombe, akapapasa ukingo kwa kidole. Matundu mawili yalikuwa nje.

"Rahma, mjukuu wangu, usijisumbue," akasema. "Ni mimi. Nimeziosha."

"Bibi, what? They're locked up at the club," akasema, yaani zimefungiwa kule klabuni.

"Nimeziosha kwa ukwaju. Nikazipaka na mafuta ya nazi."

Rahma akanigeukia, na mimi nikageukia sinki. Ilibidi nimsimulie yote, tangu debe la maji mpaka kidole gumba cha babu yake, na nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu, kama babu alijua. Nikamwambia alijua.

Akavua koti. Akavuta kiti karibu na cha bibi yake, akauchukua ule mkono mkavu uliosugua shaba ya nyumba nzima, akauinua hadi puani akaunusa vizuri.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, "haunuki nazi."

"Nilinawa vizuri," mama akamjibu. "Jumamosi ijayo sitazigusa. Kunywa kahawa."